Chai Aliyoikataa Mchungaji

Mbooni,
14 Septemba 1987

Kwa Sista Kaluki,
Idara ya Afya ya Kanisa, Kitui.

Salamu katika jina la Bwana.

Ni wiki tatu sasa tangu tuagane hapo Kitui, sisi viongozi ishirini na sita tuliokaa darasani kwako siku kumi tukijifunza kuwafundisha watu wetu kuishi maisha ya afya. Nataka ujue kwamba sikurudi na cheti tu. Jumapili ya kwanza nilihubiri kwamba mwili ni hekalu, na hekalu halipakwi mafuta ya mbuzi kwa ndani. Mzee Mutie, katibu wetu wa kanisa, alinishika mkono mlangoni akasema, "Mchungaji, sasa tukifika mbinguni tutakuwa tumekula nini?" Watu wanacheka, lakini kina mama wameanza kupanda sukuma wiki kando ya majiko yao. Mimi mwenyewe siku hizi natembelea washiriki kwa miguu, milima yote hii.

Pia nimeanza kufuata ukurasa wa kumi na nne wa kitabu chako, ule wa kiongozi kukataa kwa upole chai yenye sukari nyingi anapotembelea nyumba. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama yako, Jumamosi tarehe tano. Nilifunika kikombe kwa kiganja, nikashukuru. Alishangaa kidogo, kisha akacheka. Anakusalimu sana.

Kuhusu lile jambo letu wawili: vidonge nameza kila asubuhi. Naviweka ndani ya kopo la rangi ya viatu, hata mke wangu hajui. Nakuomba tena, Sista, kumbuka ulivyoniahidi siku ile nyuma ya maabara, mkojo wangu ulipoigeuza ile dawa ya buluu ikawa rangi ya matofali. Baraza la kanisa linataka kunifanya mwenyekiti wa mafunzo haya kwa mitaa yote kumi na miwili. Watamweka vipi mgonjwa wa kisukari awe mfano wa afya? Dispensari ya huku haina dawa hii. Tafadhali tuma vingine ndani ya bahasha kama mwanzo.

Wako katika kazi,
Mch. Kilonzo


Kitui,
22 Septemba 1987

Mchungaji Kilonzo,

Umenichekesha na Mzee Mutie. Mwambie akifika mbinguni mapema kwa sababu ya mafuta ya mbuzi, atutengee nafasi.

Lakini usinisifu sana. Kitabu kile, kama nilivyowaambia, kiliandikwa kwa ajili ya wachungaji wa visiwani, mbali huko baharini, na wafadhili walitupa kwa sababu kilikuwa kimeshalipiwa. Mimi ndiye niliyekitafsiri. Kulikuwa na sura nzima ya samaki, nikaigeuza ikawa kunde na mbaazi. Palipoandikwa "tembea ufukweni", nikaandika "tembea mlimani". Nilijiona hodari kweli. Sasa hao wakubwa wananitaka ripoti: viongozi wangapi, wamefikia watu wangapi. Hakuna anayeuliza watu hao wanakula nini. Miaka mitatu iliyopita walikuwa wanapanga foleni ya mahindi ya manjano ya msaada wakati wa njaa, leo tunawahubiria wapunguze sukari! Ningekuwa sijaona miguu ikikatwa kwa kisukari kwenye wodi yangu, ningewarudishia kitabu chao.

Sasa nisikilize kama muuguzi. Vidonge hivyo havimezwi tumbo likiwa tupu. Hata siku moja. Ukimeza usipokula, sukari ya mwilini itashuka mpaka uanguke. Ukiona kijasho baridi, mikono ikitetemeka, maneno yakikupotea, tia sukari mdomoni papo hapo. Ndiyo, sukari ileile tunayoipiga vita.

Siri yako ninayo. Niliapa siku nilipovikwa kofia ya uuguzi, na sijavunja kiapo hicho miaka ishirini na mbili. Lakini mwambie mkeo. Mwanamume anayeficha dawa kwenye rangi ya viatu siku moja atameza rangi ya viatu.

Msalimie mama.
Kaluki


Mbooni,
8 Oktoba 1987

Mwanangu Kaluki,

Anayeandika ni Muthoki, mwalimu wa nasari. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie. Mimi mama yako Syokau ni mzima wa mwili.

Jumanne ilikuwa zamu yangu ya mwethya. Unakumbuka kikundi chetu, wanawake thelathini, leo tunalima kwa huyu, kesho kwa yule. Mwaka huu nimelima kwa watu kumi na tisa kabla zamu yangu kufika. Nikapika isyo sufuria kubwa, mahindi na maharagwe yote niliyokuwa nimeweka. Nikatoka kusimama uani na jembe. Jua likapanda. Jua likafika utosini. Hakuja hata mmoja. Mvua inakaribia na matuta yangu yamebomoka, na peke yangu siwezi. Isyo nimewapa kuku mpaka wamenichoka.

Kanisani benchi ninalokalia ni langu peke yangu. Nimekuwa mtu mkubwa, kama mbunge. Kisimani nikifika, watu wanakumbuka walisahau kitu nyumbani.

Basi nikamfuata Nzilani, kiongozi wa kikundi, shambani kwake. Nikamwambia, "Nzilani, nimekukosea nini? Sema nikiwa hapa, si nikiwa sipo."

Akawa anaangalia jembe lake. "Mwaitu, mama yangu, mchungaji alikataa chai yako."

"Si ni ile elimu ya Kaluki ya sukari?"

"Kama ni elimu," akasema, "mbona alitoka kwako akaenda kwa Mutie, akanywa vikombe viwili? Mbona kwangu alikunywa? Tumehesabu, mwaitu. Nyumba za washiriki ni arobaini na moja. Amekunywa arobaini."

Umezaliwa hapa, Kaluki. Unajua mtu akikataa kula kwako amesema nini juu yako. Na akiwa mtu wa Mungu, amesema na Mungu amesaini. Neno lenyewe hawalitamki. Ni watoto tu wanaolitamka, wakipita kwangu wanakimbia.

Nina miaka sabini na moja. Sijamroga hata kuku anayekula mbegu zangu. Mwambie mtu wako arudi anywe.

Mama yako,
Syokau wa Ndolo

(Sista, ni mimi Muthoki. Mama hakutaka niandike hili: juzi mtu alitupa jiwe juu ya bati lake. Mimi bado nakula kwake, na mume wangu ananigombeza.)


Kitui,
15 Oktoba 1987

Kilonzo,

Leo sikuiti mchungaji.

Uliniandikia kwamba mama alishangaa kidogo, kisha akacheka. Hukuniandikia kwamba ulitoka kwake ukaenda kwa Mutie ukanywa vikombe viwili. Ngoja nikuambie kilichotokea, ingawa sikuwepo. Ulifunika kikombe, ukawaona wazee ulioandamana nao wakiangaliana. Ukajua wamefikiria nini. Ukaogopa kwamba nyumba ya pili utaonekana na kiburi, ya tatu utaitwa mtu wa mafarakano. Basi ukaanza kunywa. Ulikuwa na njia mbili za kurekebisha: kukataa nyumba zote, au kurudi kwa mama. Ukachagua ya tatu, ya kumwacha mama yangu, mjane, peke yake katikati ya kijiji kama kilema. Na sukari yote hiyo ya nyumba arobaini ukaimeza na kisukari chako! Hukufanya kwa ajili ya afya wala kwa ajili ya Mungu. Ulifanya kwa ajili ya uso wako.

Sijioni msafi. Maneno "kataa kwa upole" niliyatafsiri kwa mkono wangu huu. Visiwani mtu akikataa chai amekataa chai, mwenyeji anaimwaga, mazungumzo yanaendelea. Kwetu amemkataa mwenye nyumba. Nilibadilisha samaki, nikabadilisha ufukwe, na jambo moja ambalo kila mtoto wa Mbooni analijua kabla hajaota meno, nikalipita kama herufi isiyotamkwa. Nimesoma vitabu vingi kiasi cha kusahau nilikolelewa. Hilo nitalijibu mimi.

Lakini wewe jibu lako liko kwenye miguu yako. Rudi kwa mama na wazee walewale, mchana, watu wakiona. Keti. Kula. Kunywa. Usitume salamu, usitume mstari wa Biblia. Nenda.

Kaluki


Mbooni,
24 Oktoba 1987

Sista Kaluki,

Maneno yako yalikuwa makali na yote ni ya kweli. Sijalala vizuri tangu niyapate.

Nilikuwa nimeshajaribu. Mara mbili nimesema mimbarini kwamba Mama Syokau hana neno, nilikataa chai kwa sababu ya mafunzo tu. Nje Mutie akaniambia, "Mchungaji, mbona unamtetea sana? Sisi wengine hatujatangazwa kwamba hatuna neno." Nikaona kila nikisema nazidi kumchimbia shimo.

Nitakwenda. Mvua imechelewa na nimeitisha maombi ya kufunga siku tatu, kuanzia Jumatano tarehe ishirini na nane. Ijumaa, siku ya mwisho, nitashuka kwa mama na Mutie pamoja na Mzee Kivuva, mchana kama ulivyotaka. Watu wakiona nimetoka kwenye maombi moja kwa moja hadi kwake, watajua nimekwenda na moyo safi.

Vidonge vimefika, asante.

Mch. Kilonzo


Mbooni,
1 Novemba 1987

Sista Kaluki,

Ninaandika kwa hiari yangu, mama hajui. Njoo upesi.

Ijumaa mchungaji alikuja na wazee wawili. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyeosha vikombe. Mama yako alikuwa amevaa kitambaa chake cha sikukuu. Maziwa hakuna kwa ukame huu, akapika chai ya rangi. Mchungaji akasema, "Mama, yangu usitie sukari." Mama akamwangalia: "Hata kijiko kimoja, mwanangu? Mbona umekonda hivi?" Akakataa. Chakula pia akasema atafungua pamoja na waumini jioni. Lakini chai aliinywa yote, akaonyesha kikombe kitupu kwa wazee, na mama akashangilia kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Nilidhani yameisha.

Hawakufika mbali. Kwenye kona ya juu mchungaji alianza kutoa jasho kama mtu aliyemwagiwa maji. Akamwita Mutie kwa jina la marehemu baba yake. Akaanguka, mate yakimtoka. Mutie akashuka mlima akipiga kelele, "Amemmaliza! Amemmaliza mchungaji!"

Walimbeba hadi dispensari, wakamtundikia maji ya sukari mshipani, akaamka. Alipoulizwa na wazee ana ugonjwa gani, alisema hajui.

Saa kumi jioni kibanda cha jiko cha mama kilikuwa kinaungua. Waliokichoma hawakujificha. Wengine walikuwa wanafunzi wangu miaka mingi iliyopita. Nyumba ya bati haikushika moto, na mama hakuumia. Aliketi kwenye jiwe la uani akawa anawataja mmoja mmoja kwa majina ya mama zao.

Naibu wa chifu alikuja jana. Alisema, "Mama, sina askari wa kukulinda. Jumapili ya tarehe kumi na tano uwe umehama, la sivyo mimi sitakuwa na la kusema." Mama alimjibu, "Nikihama nitakuwa nimekubali."

Muthoki


Mukuyuni,
7 Novemba 1987

Kilonzo,

Naandika nikingoja gari la Kitui. Barua hii na nyingine iliyo ndani yake atakuletea Muthoki mkononi.

Nilikuja Jumatano nikakaa siku tatu. Nilibisha mlangoni kwako mara tatu. Mkeo alisema umelala, umelala, umelala. Mara ya tatu nilikusikia ukikohoa.

Mama nilimwomba, nikamsihi, nikamfungia nguo zake kwenye kitambaa. Akazifungua. "Ndolo amezikwa pale," akaniambia. "Unataka nimweleze nini? Kwamba nilifukuzwa na watu niliowakata vitovu?" Kisha akanifukuza mimi. Na mimi lazima nirudi, kwa sababu darasani Kitui kuna viongozi wengine arobaini wanaomaliza tarehe kumi na tatu. Wakiondoka na kitabu hiki, kutakuwa na vijiji arobaini, na katika kila kijiji nyumba ya kwanza.

Sasa nisikilize. Wewe na mimi tu ndio tunaojua kilichokuangusha. Ulifunga siku tatu ukimeza vidonge. Nilikuandikia usifanye hivyo. Kijiko kimoja cha sukari ya mama yangu kingekusimamisha. Hakukupa sumu, alikuomba upokee dawa na hakujua. Na wewe ulipoamka, ukiwa na akili zako zote, ukasema hujui!

Ndani ya barua hii kuna nyingine, ya kusomwa kanisani Jumapili ijayo, tarehe kumi na tano. Ni mistari kumi tu: una kisukari, tangu Agosti, unatumia dawa, ulifunga, dawa ikakuangusha. Isome kwa mdomo wako. Sikulazimishi kama muuguzi, kwa sababu kama muuguzi sina haki hiyo. Nakuomba kama mtoto wa mtu. Nimeandika maneno makali maisha yangu yote, kwenye magazeti, kwenye mikutano, kwa maaskofu. Sijawahi kuandika neno hili: nakupigia magoti.

Kaluki


Mbooni,
10 Novemba 1987

Sista,

Nimesoma. Barua ile ya kanisani nimeitia motoni. Nisamehe.

Hujui ninachoombwa kukitoa. Mimi ni mtoto wa kibarua. Nilichunga ng'ombe wa watu mpaka misheni ikaniokota. Bila kanisa hili sina shamba, sina nyumba, hata godoro ni la kanisa. Baraza linakutana Desemba kunithibitisha. Wakijua mwalimu wao wa afya ni mgonjwa, na kwamba aliwaficha, nitakuwa nani?

Namwombea mama usiku na mchana. Mungu atamtetea mtumishi wake. Labda akikaa kwako miezi michache mambo yatapoa.

K.


Kitui,
12 Novemba 1987

Kilonzo,

Ulichoma nakala. Mimi ni mtu wa kuandika, naandika nakala tatu.

Ya pili anayo Muthoki tangu Jumamosi, imefungwa. Dereva wa kanisa anayekuletea hii ana maagizo yangu kwa Muthoki: Jumapili, baada ya matangazo, asimame aisome, kama utakuwa hujasema. Ya tatu nimempelekea mkubwa wangu hapa Kitui, pamoja na kofia yangu, kwa sababu muuguzi anayetoa siri ya mgonjwa si muuguzi tena. Nilidhani ningelia. Nimewahi kulia kwa kupoteza vitu vidogo kuliko hiki.

Leo darasani nimechukua wembe nikaukata ukurasa wa kumi na nne katika vitabu vyote arobaini, viongozi wakiniangalia. Mzee mmoja kutoka upande wa Mutomo akasema, "Binti yangu, mimi ukurasa huo nisingeufuata hata kidogo. Nilidhani mnajua ni wa watu wengine." Siku kumi amekaa kimya, kwa sababu mimi ndiye mwalimu na yeye ndiye mwanafunzi. Mafunzo yetu yote nimeyaona katika sentensi hiyo.

Unauliza utakuwa nani. Mama yangu hajauliza atakuwa nani. Anauliza kama atakuwa hai.

Una siku tatu.

Kaluki


Mbooni,
16 Novemba 1987

Dada Kaluki,

Muthoki hakuhitaji kusimama. Nilimwona amekaa mbele, bahasha mapajani, midomo imemkauka kuliko yangu. Nikaahirisha mahubiri, nikasema. Nilisema yote: mkojo, vidonge, kopo la rangi ya viatu, mfungo, uongo wa dispensari. Nilisema mama Syokau alitaka kunitilia sukari na nikakataa.

Nilidhani ukweli ukitoka kazi yake imekwisha. Sikiliza sasa.

Mutie alisimama, kwa heshima kabisa, akauliza, "Mchungaji, ugonjwa huu uligunduliwa lini?"

"Agosti."

"Na kabla ya hapo, chai ya mama huyu ulikuwa unakunywa?"

"Miaka sita," nikasema. "Kila mwezi."

Kanisa zima lilishusha pumzi kwa pamoja. Mutie akakaa. Mwanamke nyuma akasema, "Miaka sita, Bwana wangu," kama mtu anayefunga kesi. Nilikuwa nimewapa ushahidi waliokuwa wameukosa. Sasa si chai moja iliyoniangusha. Ni chai zote zilizonipa kisukari.

Walitoka kabla ya baraka. Nikajua wanakokwenda. Nilipita njia ya mkato ya bonde, nilikimbia, mimi na miguu hii yangu, nikafika kabla yao. Mama alikuwa anachambua kunde. Nikamwambia, "Mama, nipe chakula." Hakuuliza. Alinipakulia, nikakaa kizingitini nikala, na walipofika uani walinikuta mdomo umejaa. Nikawaambia naishi hapa kuanzia leo. Anayetaka kumhamisha ataanza na mimi, na anayetaka kuchoma atachoma watu wawili, mmoja wao akiwa ni yeye aliyewabatiza.

Kisha wakaanza kuondoka, mmoja, wawili.

Mwenyekiti wa baraza amefika leo asubuhi na pikipiki. Nimesimamishwa. Mke wangu amewachukua watoto, amekwenda kwao Nunguni. Alisema angenivumilia ugonjwa, si kopo. Ninaandika nikiwa ghalani kwa mama yako, nimekaa juu ya gunia.

Sikuandikii unisifu. Ningefanya hivi tarehe tano Septemba, ingekuwa kikombe kimoja tu.

Kilonzo


Mbooni,
25 Novemba 1987

Mwanangu Kaluki,

Muthoki anaandika, mimi nasema. Leo ni Jumatano.

Mtu wako bado yuko hapa. Anakula vizuri, anakoroma vibaya. Amenilimia matuta mawili, yamepinda, lakini maji yatasimama. Mvua imenyesha siku mbili. Nimepanda sehemu ile tuliyoiwahi, si nyingi. Nzilani alipita barabarani akasema, "Habari, mwaitu," bila kusimama. Ni neno moja, nimelihifadhi.

Nisikilize sasa, na usilie, Muthoki anasema karatasi inaloa akiandika mtu anayelia, sijui kuhusu kusoma.

Siku ile walipoondoka, Mutie alibaki nyuma. Alikuja karibu, akanivulia kofia, maana ana adabu. Akaniambia, "Mama, hatutakugusa yeye akiwa mzima hapa kwako. Lakini siku akianguka ndani ya nyumba hii, hatutauliza kitu tena." Kisha akanitakia usiku mwema, na jua lilikuwa bado liko juu.

Kwa hivyo sasa maisha yangu hayamo mwilini mwangu. Yamo ndani ya mwili wa mtu huyu mgonjwa, na mimi ndiye mwangalizi. Nimejifunza vidonge vyake kuliko wewe. Asubuhi namlisha uji kwanza, nasimama mpaka ameze, namwambia afungue mdomo nione. Sukari ninaiweka mfukoni, imefungwa kwenye kijikaratasi, hata nikienda kisimani. Akichelewa kurudi kutoka shambani namfuata mbio. Sijawahi kumlinda mume wangu hivi, na mume wangu nilimpenda.

Yeye anasema aondoke, aende kwa dada yake, nisibebe mzigo. Nimemwambia akiondoka watakuja siku hiyohiyo. Akikaa, watakuja siku atakapoanguka. Basi akae.

Vidonge vimebaki vinne, kimoja kwa siku, cha leo ameshameza. Barua hii ikitembea kama zile nyingine itakufikia Jumapili. Naambiwa umeacha kazi, kwa hivyo huna tena kabati la dawa la kufungua. Sijui utavipata wapi. Vitafute. Omba kwa waliokuwa wenzako, omba kwa waliokuwa wakubwa wako, lakini usije mikono mitupu ukidhani nitafurahi kukuona tu.

Kunyamaza kwa majirani nimeshazoea. Kinachonimaliza ni hiki: akikohoa, mashamba yote ya ng'ambo ya bonde, majembe yanasimama, vichwa vinainuka, vinaangalia huku. Wanangoja. Akitulia, wanainama tena kulima.

Asubuhi hii amekohoa mara mbili.

Mama yako,
Syokau